Bonde la Marafa na Hukumu ya Ardhi

Wapo waendao Marafa kupiga picha, na hawana lawama, maana mahali penyewe panastahili. Lakini mtu aliyelelewa katika dini, awe Mwislamu au Mkristo, akisimama kwenye ukingo wa bonde lile na kusimuliwa kisa chake, ni shida arejee kwao pasi na swali moyoni: je, ardhi inapopasuka na kuwameza waliokuwa juu yake, ni Mwenyezi Mungu anayehukumu, au ni maji na upepo vinavyofanya kazi viliyoumbiwa? Nami, mtu wa Kalimoni, kati ya Ruiru na Thika, nchi ya udongo mwekundu na machimbo ya mawe, nimelichukua swali hilo hadi nyumbani, na kila ninapolitafakari naona kwamba latuhusu sisi wa bara kuliko linavyowahusu wenyeji wa Marafa.

Marafa ni kijiji cha Wagiriama katika Magarini, kaunti ya Kilifi, mwendo wa kilomita 30 na ushei kutoka Malindi kuelekea bara. Kando ya kijiji ardhi imekatika ghafla na kushuka kiasi cha mita 30, na humo shimoni zimesimama kuta, nguzo na vilele vya mchanga ulioshikana, vyeupe, vya waridi, vya rangi ya chungwa na vyekundu, tabaka juu ya tabaka, mithili ya mkeka ulioshonwa kwa kili zilizotiwa rangi mbalimbali. Wenyeji hupaita Nyari. Wageni wamepaita Jiko la Jehanamu, nadhani kwa sababu ya joto linalojikusanya mle chini wakati wa adhuhuri. Lakini alasiri, jua likiisha kuinama, rangi zile huiva hata mtu akasahau kabisa kwamba anatazama uharibifu.

Kisa nilichosimuliwa na mzee mmoja wa pale, ambacho husimuliwa kila mgeni kwa tofauti ndogo ndogo, ni kwamba hapo zamani palikaa ukoo wa matajiri wa ng'ombe, ambao kwa wingi wa maziwa walikuwa wakiyaoga, ilhali majirani zao wakikosa hata ya kumnywesha mtoto. Mungu akachukizwa na israfu ile, ardhi ikafunguka, ikawameza wao na nyumba zao na mifugo yao, na ndiyo maana kuta zingine ni nyeupe kwa maziwa na zingine ni nyekundu kwa damu. Mzee yule aliyasema hayo pasi na kupaza sauti, akinyoosha mkono kuonyesha weupe, kisha wekundu, kama mtu anayeonyesha mipaka ya shamba la babu yake.

Kisa hiki kina ndugu wengi. Katika Kurani, Surat al-Qasas, Qarun aliyejivunia hazina zake alididimizwa ardhini pamoja na nyumba yake. Na katika kitabu cha Hesabu, Kora na Dathani na Abiramu walimezwa na ardhi kwa kumwasi Musa. Sidai kwamba wazee wa Kigiriama waliazima kwa yeyote. Binadamu akiona shimo kubwa mahali ambapo hapana mtu aliyechimba, humtafuta mwenye kosa, na jambo hilo ni la kale, nalo lina heshima yake, kwa kuwa asili yake ni imani kwamba dunia haikuachwa bila msimamizi.

Lakini kijana aliyetuongoza kuteremka hakuwa na haja ya damu ili kuufasiri wekundu. Aliokota donge akalisaga kwa vidole viwili, likawa unga. Akaokota jingine jeupe akafanya vivyo hivyo, kisha akatuonyesha nguzo ndogo ya mchanga, isiyozidi shubiri, yenye kokoto moja kichwani. Mchanga uliokuwa chini ya kokoto ile ulisalimika na mvua, na ule wa kandokando ulikuwa umechukuliwa wote. Na tulipoinua macho tukaona kwamba nguzo kubwa zilizotuzunguka, zilizo ndefu kuliko minazi, nazo zimesalia kwa sababu iyo hiyo, palipo pagumu pakistahimili na palipo laini pakienda na maji. Wekundu ni kutu ya chuma kilichomo mchangani, na panapopungua chuma hubaki waridi au weupe. Wala kazi ile haijakwisha, kwani mvua kubwa inyeshapo ukingo hubomoka tena, na bonde hupata upana kwa hasara ya mashamba yaliyo juu.

Wako watakaosema kwamba maelezo haya yanamwondoa Mungu bondeni. Mimi sioni hivyo. Surat Fatir, aya ya 27, inapotaja milima yenye mistari myeupe na myekundu na mingineyo myeusi sana, huitaja pamoja na mvua ishukayo kutoka mbinguni na matunda yanayotofautiana rangi, na aya inayofuata huwasifu wenye elimu kuwa ndio wamchao Mungu. Katika maneno yote hayo hapana adhabu hata moja iliyotajwa. Rangi za ardhi zimewekwa hapo kuwa dalili ya kudura, na anayechunguza jinsi maji yanavyozichora hakutoka katika ibada. Basi ni juu yetu kueleza kwa nini sisi, tuonapo ukuta mwekundu, hutangulia kuona damu.

Na hapo ndipo ninapoona hatari. Mtu akizoea kuamini kwamba ardhi humeza waovu, haitachukua muda atawaona wote waliomezwa kuwa ni waovu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalipobomoa na kufagia kijiji cha Kamuchiri karibu na Mai Mahiu, yakaua makumi ya watu waliokuwa wamelala, hazikukosekana ndimi zilizosema kwamba pale lazima pana dhambi iliyofichika. Wasemaji hao, ikiwa ni Wakristo, wameipita sura ya 13 ya Injili ya Luka pasi na kuisoma: Yesu aliwauliza wasikilizaji wake kama wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na jibu lake lilikuwa la. Rafiki zake Ayubu walishika hoja iyo hiyo ya dhambi iliyofichika, wakaitetea kwa ufasaha mwingi mbele ya mtu aliyefiwa na wanawe wote, na mwisho wa kitabu ni wao waliokaripiwa. Kumwambia aliyepatikana na msiba kwamba amestahili ni dhuluma, na dhuluma hiyo ikivaa kanzu au joho huwa nzito zaidi.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kisa cha Marafa kitupwe. Nauliza kilitungwa kimguse nani. Hakikutungwa dhidi ya maskini aliyejenga kwenye mteremko kwa kukosa pengine. Kilitungwa dhidi ya mwenye maziwa, aliyeyamwaga mgongoni mwake huku mtoto wa jirani akilia njaa. Kikisimuliwa kwa wenye nacho, kisa hicho ni haki tupu. Kikigeuzwa kuwapiga waliozikwa na tope, kimenyang'anywa ukweli wake.

Nilipovuka daraja la mto Sabaki nikiwa njiani kwenda Marafa, maji yalikuwa mekundu mazito, nami niliyatambua, kwa kuwa ni ya kwetu. Maji ya mto Ndarugo na ya mto Ruiru huishia katika mto Athi. Athi hupita mbele ya mlima Ol Donyo Sabuk, hushuka nyika yote, huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga udongo baharini kaskazini ya Malindi, hata maji ya pwani ile hugeuka rangi wakati wa mvua, na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968 hupata taabu na tope. Kwa hiyo sisi wa Kalimoni, tunaokata mashamba ya kahawa kuwa viwanja na kuziacha kingo za mito bila hata nyasi, tuna mkono katika rangi za pwani, na upepo hauwezi kusingiziwa rangi hizo.

Tena tunayo mabonde yetu. Nyumba nyingi za Nairobi zimesimama kwa mawe ya Ndarugo na ya Juja, na kila jiwe limeacha pengo lake. Nimesimama kwenye ukingo wa timbo moja lililoachwa, si mbali na nyumbani: kuta zimenyooka, alama za patasi zingali zinaonekana safu kwa safu, chini kuna maji ya kijani yasiyojulikana kina, na njia nyembamba iliyokanyagwa na watoto waendao kuogelea na wanawake waendao kuteka. Ua hapana, kibao cha onyo hapana. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka athari za machimbo kama hayo zitathminiwe kabla ya mtu kuanza kuchimba. Lakini jiwe likiisha kuuzwa na lori la mwisho likiondoka, aghalabu mwenye timbo haonekani tena, na shimo huwa la majirani.

Mtoto akizama humo, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Nimeyasikia maneno hayo makaburini, na kila mara yamenichoma. Shimo la Marafa, ambalo hapana mtu aliyelichimba, tumelitafutia wakosefu hadi tukawapata. Shimo la kwetu, ambalo mchimbaji wake ana jina, ana hati ya shamba na ana fedha za mawe aliyouza, tunamwachia Mungu alibebe. Sioni kufuru iliyo kubwa kuliko hii, nayo tunaitenda kwa lugha ya unyenyekevu.

Basi wenye matimbo ya Kalimoni na Ndarugo wazungushe ua, na mashimo waliyokwisha kuyatumia wayafukie kabla ya masika; na maimamu, mapadre na wachungaji, wanapoitwa kumzika mtoto aliyefia humo, waulize mbele ya jamaa wote shimo lile ni la nani.