Ndoano ya Kijana wa Gasenyi

Gasenyi iko juu, kaskazini mwa Bujumbura, upande ilikojengwa Ikulu ya Ntare Rushatsi. Anayetaka kuvua sharti ateremke. Kijana mmoja wa huko aliteremka na mshipi wake hadi Kajaga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akatia ndagala kwenye ndoano, akatupa, akauegesha mshipi kwenye jiwe na kuanza kuchezea simu. Kosa lilianzia hapo, maana mshipi uliolegea humpa samaki nafasi ya kumeza.

Aliyemeza alikuwa sangala mchanga. Sangala wakubwa hukaa kilindini, ila watoto wao hukulia kwenye majani ya ufukweni, palepale wanapotupa watu wasio na mitumbwi. Kijana akamhurumia, akasema amrudishe akakue. Lakini ndoano ilikuwa imepita kooni. Akambana kwa kitambaa kikavu, akachokoa kwa kijiti, akavuta kwa nguvu. Ndoano ikatoka na nyama. Sangala aliporudishwa majini akaenda kidogo, akapinduka tumbo juu.

Mzee aliyekuwa akishona nyavu kando akamuuliza, "Mwanangu, ulikuwa ukimwokoa samaki au ndoano?"

Kijana hakujibu. Ndoano hununuliwa, na huruma yake ilikuwa na bei ndani yake.

Moyo wa samaki uko nyuma tu ya koo, chini ya matamvua. Anayevuta ndoano iliyozama huko anavuta pasipoonekana, na mara nyingi huchana kisichoshonwa. Dawa ni kukata mshipi karibu na mdomo na kuiacha ndoano humo. Majaribio ya wataalamu wa samaki yameonyesha kwamba wanaokatiwa mshipi hupona kuliko wanaong'olewa ndoano. Wengi huitema baadaye, wengine nyama huizunguka na wakaendelea kula. Ndoano ya chuma cha kawaida huliwa na kutu. Ya chuma kisichoshika kutu hukaa muda mrefu, kwa hiyo haifai kwa kazi hii.

Kitambaa kile nacho kilidhuru. Ute wa ngozi ndio kinga ya samaki dhidi ya vijidudu, na kitu kikavu huufuta. Lowesha mikono, mshike tumboni angali majini, usimning'inize kwa taya wala kumtia vidole matamvuni. (Kajaga, kabla ya kuinama, tazama kwanza kama hakuna kiboko.) Anayejua kuwa ataachia samaki atumie ndoano ya duara, ambayo kwa kawaida hunasa pembeni mwa mdomo, aulaze mwiba wake kwa koleo, na mshipi asiuache mkononi mwa jiwe.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwenye ziwa hilihili kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kijana alilijua hilo, akataka kumrudisha sangala wake mara ya pili. Mzee akamzuia: damu ilikuwa inatiririka matamvuni. Akamchota samaki kwa ndoo na kumkabidhi kijana, akamwambia ampeleke kwa mama yake akamkaange.