Jasho la Mmoja, Jina la Mwingine

Ndugu msomaji, je, dharura yaweza kuhalalisha kuchukua kazi ya mtu? Na ikiwa yaweza, je, yahalalisha kulichukua na jina lake pia? Maswali haya huchanganywa, nayo si mamoja. Na tuitazame habari ya gari la Jeep.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimeshika moto Ulaya, jeshi la Marekani liliwaandikia watengenezaji 135 likitaka gari dogo, jepesi, liendeshwalo kwa magurudumu yote manne. La kwanza lilitakiwa kwa siku 49. Bantam, kampuni ndogo ya mji wa Butler, Pennsylvania, iliyokuwa karibu kufilisika, ikamwita mhandisi Karl Probst, naye akamaliza michoro mikuu kwa siku mbili. Tarehe 23 Septemba gari likafika Camp Holabird, Maryland, ikibaki nusu saa tu muda ukatike.

Kisha jeshi likawapa michoro ile Willys-Overland na Ford. Wakaunda magari yao ya majaribio, na mwaka 1941 kandarasi kubwa ikaangukia Willys. Bantam, iliyokwisha kuunda magari yasiyofika 3,000, ikaachiwa kazi ya matela.

Jeshi lilikuwa na hoja: kiwanda kidogo hakingetosheleza haja ya vita, na injini ya Willys ilikuwa na nguvu zaidi. Hoja hiyo ina uzito. Nyumba ikiwaka, mtu hutwaa ndoo ya jirani asingoje ruhusa. Lakini wanavyuoni wa fiqhi wametufunza kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Moto ukizimika, ndoo hurudishwa, na mwenyewe hushukuriwa.

Willys ikatangaza kwamba ndiyo iliyoibuni Jeep. Hapo dharura ilikuwa wapi? Hakuna askari aliyeokolewa na tangazo lile. Mwaka 1948 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ikaikataza kudai hivyo, ikasema wazo lilizaliwa Bantam kwa kushirikiana na maofisa wa jeshi. Hata hivyo, mwaka 1950 jina la Jeep likasajiliwa kuwa mali ya Willys.

Basi tujipime. Huenda ukawa na udhuru wa kuitumia kazi ya mwenzio. Kumtaja hakukugharimu kitu; kwa hiyo kunyamaza hakuna udhuru. Mali iliyopotea hulipwa kwa mali. Jina lililonyimwa mwenyewe akiwa hai, utamlipa nini akiisha kufa?