Albamu ya Mgonjwa

Sema mbele ya mashabiki wa Queen kwamba unaipenda Innuendo kuliko A Night at the Opera, jibu litakuja haraka: unamhurumia marehemu tu. Hapa Kimulot mashabiki wa roki tunahesabika kwa vidole, lakini hata sisi wachache tumebishana juu ya jambo hilo hadi usiku. Na swali lenyewe si dogo. Kazi ya mtu aliyekaribia kufa tunaipenda kwa uzuri wake, au tunatoa rambirambi?

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. A Night at the Opera, yenye "Bohemian Rhapsody", ilitoka 1975. Ni kazi ya vijana wanaotaka ujue kila kitu wanachoweza: opera, gitaa zito, piano, sauti juu ya sauti. Ni tamu, sikatai. Lakini mara nyingine nasikia tu jamaa anayeonyesha misuli.

Innuendo ilitoka Februari 1991. Mercury alikuwa na UKIMWI, na hakuutangazia umma hadi Novemba 23. Kesho yake akafariki. Kwa hivyo kwa miezi tisa watu waliinunua albamu hiyo wakiwa na uvumi tu, na Uingereza ilifika namba moja. Yeye hakuomba huruma ya mtu. Tena humo ndani kuna wimbo mzima juu ya paka wake, Delilah. Anayetafuta machozi yako hakuimbii habari za paka.

Utaniambia kifo ukishakijua hakitoki masikioni. Kweli. "The Show Must Go On" ndio wimbo wa mwisho, na kila ukianza naikumbuka ile Novemba. Lakini kukumbuka ni kitu kimoja, kuchezea mizani ni kingine. Huku kwetu mchuma chai akiugua, majirani humletea maziwa na kumsaidia kuchuma. Majani yake yakifika kituoni, hupimwa kwa mizani ile ile ya wote. Karani akimwongezea kilo mbili kwa sababu anakohoa, amemwonea huruma, sawa, ila amesema pia kwamba kapu lake halikutosha.

Ndivyo tunavyomfanyia Mercury tukisema albamu ni nzuri "kwa mgonjwa". Huruma ni haki ya mtu. Kazi yake inadai usikivu tu.

Basi tuisikilize. Wimbo wenyewe wa "Innuendo" unapita dakika sita, na katikati ngoma nzito zinapisha gitaa la flamenko, Steve Howe wa bendi ya Yes akishiriki. Nao unabadilika-badilika kama ule wa 1975, ila hapa kila sehemu naisikia ikiitwa na iliyotangulia. Hakuna anayejionyesha.

Kwa mizani yangu, 1991 inaizidi 1975. Si kwa kilo nyingi, lakini inaizidi.