Jaketi la Mtu Mwingine, Mwili Wako

Mwezi wa sita ukiingia, baridi ya Kasaji, hapa Lualaba, haina utani. Mchana jua linawaka, lakini usiku mtu anatafuta blanketi la pili, na alfajiri dereva wa pikipiki anayeshika njia ya Mutshatsha bila kitu kizito kifuani hufika meno yakigongana. Kwa hiyo jaketi la ngozi kwetu ni kinga kabla ya kuwa pambo. Balo la mitumba likifunguliwa sokoni, vijana huwa wamekwisha kulizunguka kabla muuzaji hajamaliza kukata kamba.

Shida ni moja. Majaketi hayo yalikatwa kwa miili ya watu wengine, wa nchi nyingine, wengi wao warefu na wapana kuliko sisi. Bei inavuta, ngozi inang'aa, kijana analipa. Akifika nyumbani anakuta mikono imepita vidole, au mgongo umevimba, au kifua kimebana. Hapo ndipo lile wazo linapozunguka lupangu hadi lupangu, yaani ua hadi ua: litie maji, litakukaa.

Mwaka huu alikuja kwangu kijana wa jirani, anayebeba abiria kwa pikipiki. Alikuwa na jaketi jeusi, zito, la ngozi halisi. Akaniuliza, "Papa, hii jaketi inanikaza ku mabega. Nikiitia mu maji, itakaa muzuri?" Nilimwambia alivae kwanza, asimame wima, anyooshe mikono kana kwamba ameshika usukani. Nikaangalia mshono wa bega. Ulikuwa umekaa sawasawa pale mfupa wa bega unapoishia. Kilichombana kilikuwa ngozi ya mgongoni, iliyokauka na kukakamaa kwa kukaa sana bila mafuta. Nikaangalia na viwiko. Mikunjo ya mikono ilikuwa chini ya viwiko vyake, imechorwa kwa mistari myeupe myembamba, kwa sababu aliyelivaa kabla yake alikuwa na mkono mrefu zaidi. Mtu yule hatutamjua kamwe, lakini alikuwa ameacha mkono wake ndani ya jaketi.

Hiyo ndiyo tabia ya ngozi. Ni nyuzi nyingi ndogo zilizosukana kila upande, zile zile zilizomshikilia mnyama mwili wake alipokuwa hai. Kiwandani huondolewa nywele, ikatiwa magome ya miti au chumvi za kromu isioze, kisha ikanyweshwa mafuta ili nyuzi ziteleze bila kukatana. Maji ya uvuguvugu yakipenya, nyuzi hulegea. Ukizivuta, zinakubali. Maji yakitoka, zinabaki pale ulipoziacha. Fundi viatu anaijua siri hii tangu zamani: huilowesha ngozi kwanza, ndipo aivute juu ya kalibu na kuiacha ikauke hapo hapo. Wahenga walikwisha kusema, udongo uwahi ungali maji.

Ila maji yanayolegeza ndiyo hayo hayo yanayoharibu. Sabuni kali hubeba uchafu na hubeba pia mafuta yaliyotiwa kiwandani, na ngozi iliyopoteza mafuta hukauka ikawa ngumu, ikapasuka kwenye mikunjo. Moto ni mbaya zaidi. Ngozi isiyotiwa dawa huanza kujikunja kwenye nyuzi joto 60 na kitu, iliyotiwa magome ya miti kati ya 70 na 85, na ya kromu huvumilia karibu na maji yanayochemka. Jaketi la mtumba halisemi lilitengenezwa vipi. Anayelianika juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ili likauke haraka analifanya lijikunje kama nyama kwenye kikaango, na hakuna fundi wa kulirudisha.

Kwa hiyo nilimpa kijana yule utaratibu. Kwanza adondoshe tone la maji mahali pa siri, chini ya kola. Ngozi ikilinywa taratibu na kubadilika rangi kidogo, inaweza kufundishwa. Tone likiteleza bila kuacha alama, achunguze upindo kwa ndani: akiona kitambaa kimepakwa plastiki, asijisumbue, kwa sababu ngozi bandia haijifunzi lolote, hubanduka tu. Kisha maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila kushtuka, sabuni laini kidogo sana kama kuna jasho la zamani, na dakika 15 hivi, mpaka ngozi ikolee maji. Asilikamue kwa kulisokota. Alikandamize kwa taulo, alivae juu ya shati kuukuu asilolionea huruma, maana rangi itatoka, na akae nalo mchana wakati hewa ina joto. Akunje viwiko, ashike usukani, ainame, avute mgongo. Akishalizoea, alitundike kivulini kwenye kitu chenye upana wa mabega yake, siku 2 au 3, mbali na jua na mbali na moto. Kabla halijakauka kabisa alipake mafuta ya mbarika kidogo kidogo kwa kitambaa. Mawese asiyaguse: yanaacha doa jekundu na harufu.

Nikamwambia pia lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Maji hayapunguzi kipimo. Mshono wa bega ukishuka hadi kwenye mkono, maji hayaupandishi. Bitana ya pamba ikijikunja kuliko ngozi yenyewe, jaketi linavimba na kuvutika vibaya kuliko mwanzo. Maji yanaweza kuhamisha mkunjo wa kiwiko, kulainisha mgongo, kufanya mkono ukae vizuri kwenye kifundo. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi cherehani mwenye sindano ya ngozi, na wakati mwingine jibu la kweli ni kulirudisha sokoni.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa maji yenyewe. Hapa Kasaji si nyumba zetu zote zenye bomba ndani. Ndoo na bidoni zinatoka kisimani au mtoni kichwani kwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni dada, mama au mtoto aliyetoka shuleni. Kijana alitaka kumtuma mdogo wake. Nikamwambia hapana, nenda wewe. Anayetaka jaketi likubali mwili wake atoe nguvu ya mwili huo huo. Alikwenda na bidoni mbili, akarudi na shati limelowa mgongoni. Sidhani kama angekuwa na subira ya siku tatu za kivuli kama asingebeba maji yale mwenyewe.

Nimeliwaza jambo hili kwa sababu sisi wa Lualaba tumezungukwa na vitu vilivyokatwa kwa vipimo vya wengine. Reli inayopita hapa Kasaji haikuchorwa kwa ajili yetu. Ilipounganishwa mwaka 1931 na ile inayotoka bandari ya Lobito, nia ilikuwa kuifikisha shaba ya Katanga kwenye Bahari ya Atlantiki kwa njia fupi. Vita vya Angola vilipoanza mwaka 1975 njia hiyo ilikatika, na usafirishaji wa madini kwenda Lobito ulianza upya mwaka 2018. Lakini kando ya reli ile ile watu walijenga nyumba, wakafungua masoko, wakapakia mihogo na mahindi yao. Walikichukua kitu cha wengine wakakivaa mpaka kikawa chao. Hadi leo shaba na kobalti zinaondoka Kolwezi zikiwa mali ghafi, na mabalo ya nguo zilizovaliwa yanaingia. Mizani hiyo si ya haki, na nitaendelea kuipinga. Wakati tunaipinga, lazima tuvae. Na tukivaa, tuvae vizuri.

Kuna wanaosema kuwa kujishughulisha hivi na jaketi ni upuuzi wa vijana. Sikubaliani nao. Marehemu mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan na kufariki tarehe 24 Aprili 2016, aliwafundisha vijana wa kizazi kizima cha Kongo kwamba mtu asiye na kitu anaweza bado kujiheshimu mbele za watu kwa namna anavyojiweka. Wengi walishika majina ya wabunifu wa mavazi wa Paris na bei zao, wakaliacha somo lenyewe. Somo ni utunzaji. Jaketi la mtumba lililolainishwa, likapakwa mafuta, likakaa sawasawa begani, lina heshima kuliko jipya la bei kubwa linaloning'inia kwa mtu asiyejua hata limetengenezwa kwa ngozi gani.

Na utunzaji hauna njia ya mkato. Ninaona vijana wetu wakitaka kila kitu kiwakae siku ile ile: kazi, ndoa, pikipiki, fedha za machimbo. Kisipowakaa mara moja, wanaongeza moto. Wanaoa kwa haraka na kugombana kwa haraka. Wanaanza ufundi kwa mwezi mmoja, wanaukimbia kwenda kuchimba Kolwezi kwa sababu fundi hakuwapa cherehani siku ya kwanza. Moto huo unakunja watu pia. Tabia ya mtu, kama ngozi, hubadilika kidogo kidogo, kwa kuvumiliana naye akiwa bado analainika, na kuna sehemu zake ambazo hazitabadilika hata umbembeleze vipi. Mwenye busara huzipima sehemu hizo mapema, kabla hajaingia.

Kijana wa Kasaji, wa Malonga, wa Dilolo, unayejiandaa kununua jaketi kwa ajili ya baridi, nakuomba mambo matatu. Sokoni, angalia mabega kabla ya kuangalia rangi. Yasipokaa, mwachie anayekaliwa nayo. Nyumbani, beba maji yako mwenyewe. Na ukishalilowesha, lipe kivuli na siku zake zote. Ukifanya hivyo litakufaa kwa baridi nyingi, na siku utakapompa mdogo wako, mwoneshe na yeye kazi hiyo.