Deni la Aliyetupisha

Wiki jana jirani yangu hapa Chepkoilel aliniuliza safari yetu ya Mombasa ilikuwaje. Nikamjibu, "Salama kabisa, boss. Hatukupata shida yoyote." Mama alikuwa ameketi kibarazani akichambua managu. Aliinua macho, akanitazama, kisha akarudi kwenye mboga zake. Tangu siku hiyo jibu langu linanisumbua. Lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo.

Gari langu ni Subaru Legacy B4 ya mwaka 2002. Ni saluni ya kawaida ukiitazama kwa nje, lakini ndani ina tabo mbili za kusukuma hewa kwenye injini. Ya kwanza hufanya kazi injini ikizunguka polepole. Ya pili huingia mizunguko inapopita 4,000 kwa dakika. Hapo katikati, kabla ya pili kushika, gari husita kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa jina. Halafu hukurusha mbele. Kila mwenye B4 ya tabo mbili ya miaka hiyo anajua kusita huko. Mimi pia nilikujua.

Mama alikuwa hajawahi kuona bahari. Kutoka huku kwetu hadi Mombasa ni takriban kilomita 800, na gari lina miaka zaidi ya ishirini, kwa hivyo sikufanya mchezo. Nilibadilisha mkanda wa taiming, pedi za breki, tairi zote nne na maji ya rejeta. Fundi akafunga boneti akasema, "Hii sasa nenda nayo hata Dar."

Tuliondoka alfajiri, mama mbele, mdogo wangu nyuma. Timboroa kulikuwa na ukungu, nikaenda taratibu. Nakuru tukanywa chai. Tulipopita Mtito Andei nilikuwa nimeshalizoea gari, na gari lilikuwa limeshanizoesha vibaya: kila nilipolikanyaga lilinipa. Kabla ya kufika Voi nikakuta trela tatu zimefuatana. Mstari wa katikati ulikuwa wa kukatika-katika, barabara imenyooka hadi mwisho wa macho. Nikatoka kuovateki. Nilipofika trela ya pili, gari likasita, kama kawaida yake. Na hapo mbele, mahali palipoonekana tambarare, kumbe palikuwa na bonde dogo. Probox ikachomoza kutoka ndani yake.

Sikupata nafasi ya kufanya jambo lolote la maana. Dereva wa Probox ndiye aliyefanya. Alitoka nje ya lami, akaingia kwenye murami, vumbi likatimka, nasi tukapita. Kwenye kioo nilimwona akirudi barabarani salama. Hakupiga hata honi.

Mama alinyamaza hadi Voi. Tuliposimama kwa mafuta ndipo aliposema, "Yule wa Probox ndiye ametufikisha. Si wewe."

Sasa swali langu ni hili: je, nina kosa? Hakuna aliyeumia. Hakuna gari lililokwaruzwa. Mahakama haina mlalamikaji. Ukipita pale leo hutakuta hata alama.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika kuhusu jambo hili na kuliita bahati ya kimaadili. Nagel anatumia mfano wa dereva wa lori aliyepuuza kukaguliwa breki zake. Mtoto akikatiza barabara, akagongwa na kufa, dereva huyo atajilaumu maisha yake yote. Lakini yupo mwingine aliyepuuza breki vivyo hivyo, na siku hiyo hakuna mtoto aliyekatiza. Huyo anafika nyumbani, anakula ugali, analala. Uzembe ni uleule. Kilichowatofautisha si kitu ambacho yeyote kati yao alikifanya.

Mimi ni yule wa pili. Breki zangu zilikuwa mpya, ndiyo, lakini nilijua gari linasita wapi, na nikaweka watu watatu na wale wa Probox juu ya maarifa hayo niliyoyapuuza.

Kwetu tuna msemo: ajali haina kinga. Ni msemo wa huruma, tunausema matangani ili aliyebaki asijitese. Lakini nimeona jinsi tunavyouhamisha. Tunautoa matangani tunaupeleka kwenye usukani, na huko unakuwa ruhusa. Kama ajali haina kinga, basi na mimi sina la kujikinga nalo, wacha nikanyage. Ile Probox ilikuwa kinga. Macho ya mtu nisiyemjua, na uamuzi wake wa kuniachia lami iliyokuwa haki yake.

Kiswahili kinatupa maneno mawili pale Kiingereza kinapotosheka na moja. Pole ni ya yeyote aliyepatwa, hata kama mimi sikuhusika. Samahani ni ya niliyemkosea. Yule dereva ananidai yote mawili, na siwezi kumpata nimpe. Deni lisilo na mdai kumpatia, nadhani hulipwa kwa wanaokuja nyuma.

Tukirudi, tulipandisha mteremko wa Salgaa. Pale kati ya magari yanayopanda na yanayoshuka sasa kuna ukuta wa zege. Haukuwekwa bure. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, watu 36 wakafa, baada ya mwezi wa vifo vingi pale. Ukuta ule ni somo lililolipiwa na marehemu. Ajali huhesabiwa, huandikwa, hujengewa ukuta. Kunusurika hakuhesabiwi popote. Tunashuka garini, tunajinyoosha mgongo, tunasema tumefika salama, na somo linapotea palepale, mpaka mwingine alilipie upya.

Jirani yangu hakuwa anauliza kwa salamu tu. Amenunua Impreza, na Desemba anataka kuwapeleka watoto wake Mombasa. Alikuwa anataka kujua barabara ikoje. Nami, kwa kuogopa kuonekana dereva mbaya, nikamwambia iko sawa.

Mama amemaliza kuchambua mboga. Jioni hii nitavuka ua niende kumwambia kuhusu lile bonde.