Deni la Kukumbuka
Eton, shule ya bweni isiyo ya serikali huko Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1440, ilipoteza wanafunzi wake wa zamani 1,157 katika vita vikuu vya 1914 hadi 1918. Majina yao yameandikwa shuleni, na huo ni wajibu mwema. Lakini je, wastahilio kukumbukwa ni mashujaa na mawaziri peke yao? Mwanafunzi hulelewa na wengi: mwalimu aliyemfunza, mpishi aliyemlisha, dobi aliyemtakasia nguo, bawabu aliyemlinda usiku. Mshahara hulipa kazi ya mikono. Wema hauna bei, basi hulipwa kwa kukumbukwa. Shule isahauyo watumishi wake hufundisha, pasipo kunena, kwamba utu hupimwa kwa cheo. Na somo hilo hufuta mengi yaliyofundishwa darasani.