Mwano na Setilaiti

Mpwa wangu anaendesha watalii. Alipopita nyumbani Bariadi akitokea Meatu, alituonyesha kifaa alichokabidhiwa kazini: cha manjano, kinaenea kiganjani, antena imekunjwa ubavuni. “Mjomba, ukikwama porini unainyanyua hii, unabonyeza hapa, setilaiti inadaka.” Mama alikuwa anachambua choroko. Akauliza bila kuinua kichwa, “Sasa mwenye hicho anamwomba Mungu nini?”

Swali hilo nililifikisha kwenye jumuiya yetu, na wengi wakaungana na mama: kujihami mno ni kupungukiwa imani. Mimi nakataa.

Kwetu Usukuma mtu akivamiwa au ng’ombe wakiibwa, hupigwa mwano. Ni yowe, ila haliombi huruma. Anayelisikia hulipokea, akalipaza, wa kijiji cha pili naye akalipokea, huku wote wakikimbilia lilikotoka. Aliyebaki kitandani bila sababu hutozwa faini. Na yule aliyevamiwa, kabla hajamwona mtu hata mmoja, tayari anasikia sauti zikimjibu gizani.

Kifaa kile kinapiga mwano huo kwa masafa ya megahezi 406, na ishara yake inabeba namba ya utambulisho. Setilaiti zinazoipokea ni za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioasisiwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti. Watu wa kwanza kuokolewa walikuwa wa ndege iliyoanguka Kanada mwaka 1982. Mataifa yaliyokuwa yameelekezeana makombora yalikubaliana kwamba kilio cha aliyepotea hakina upande. Hapo naona dini kuliko katika mahubiri mengi niliyoyasikia.

Tangu 2020 setilaiti za Galileo za Ulaya hurudisha jibu kwa vifaa vilivyoundwa kulipokea: kitaa kinawaka, ujue umesikika. Ayubu aliumwa majipu mwili mzima, lakini kilichomchoma zaidi ni kulia bila kujibiwa.

Hata hivyo, kusikika si kuokoka. Januari 2016 majangili walimpiga risasi rubani Mwingereza, Roger Gower, akiwa angani juu ya Pori la Akiba Maswa. Aliitua helikopta, akafariki kabla ya kuokolewa. Kwa hiyo mwenye kifaa bado ana la kuomba: kwamba aliyesikia ainuke kwenye kiti. Setilaiti haimwinui mtu.

Linaloniuma ni jingine. Baadhi ya tembo wa Serengeti wamevishwa kola za setilaiti, walipo panajulikana. Kijana anayechunga kandokando ya Serengeti ana fimbo, na simu isiyoshika mtandao. Akipotelea huko, watakaomtafuta ni baba zake wadogo na majirani, kwa miguu, wakiita jina lake. Mchungaji wa kondoo mia hakuuliza aliyepotea ana kifaa gani, alikwenda. Ofisi zetu za wilaya nazo zina magari, zina askari, na zinawajua wenyeviti wa vijiji kwa majina. Zijifunge kwa ahadi ile ile ya mwano.